Disketi Kwenye Pindo la Leso

Uligeuza uso. Usitikise kichwa, ni wewe ninayekwambia. Ulikuwa pale Ukunda, mbele ya duka la vyombo vya umeme, na ulipoona kilichokuwa kikionyeshwa kwenye kioo uliangalia kwanza, ukaangalia ukashiba, kisha ukageuza uso ukajifanya unauliza bei ya betri. Ndiyo tabia yako. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipozima moto na wakata miwa wakabaki na mapanga mapajani, uligeuza uso. Ufuo ulipozungushiwa seng'enge, kipande leo, kipande kesho, uligeuza uso ukasema hayo ni mambo ya wakubwa. Shingo yako imekwisha kuzoea. Basi leo itulize, uzisikie habari za Kache, kwa sababu na humu umo.

Kache binti Boga alitoka upande wa bara, Kinango, kwa watu wa ng'ombe na mihogo, nyumba ambayo baba alitambikia koma za wazee, mama akaenda kanisani, shangazi akaswali, na jioni wote wakala sinia moja. Alishuka Msambweni kufanya kazi za nyumbani kwa mpiga picha mmoja mzee aliyekuwa na studio ya pazia lililochorwa maua. Mzee alimfundisha kamera kwa sababu miguu yake ilikuwa imechoka, na alipofariki kamera ikabaki kwa Kache. Ilikuwa kamera ya chuma, nzito, ya mkanda, ngozi yake imebanduka pembeni. Kwa kamera hiyo Kache aliingia pahali ambapo mwanamume hakanyagi.

Maana siku ya kupamba, ndani kwa wanawake, mabuibui hutundikwa misumarini na nywele huachwa. Bibi harusi hupakwa liwa, hutiwa asmini, na mama zake wakubwa, wale unaowaona njiani wamejifunika hata kucha, hucheza chakacha mpaka jasho likawatoka. Picha za siku ile mtu huzitaka kuliko zote, na huziogopa kuliko zote. Ndiyo maana Kache alikuwa na ada yake. Ngoma ikiisha, aliketi katikati ya mkeka, kamera mapajani, na ukumbi mzima ukanyamaza. Akauzungusha mkanda mpaka ukarudi wote kwenye kibweta chake, akafungua mgongo wa kamera, akautoa, kisha akaiinua kamera juu na kuizungusha kila mtu alione tumbo lake tupu. Halafu akampa mama wa bibi harusi mkanda ule, mikono miwili kwa mikono miwili, naye mama akaufunga kwenye pindo la leso yake. Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, na hawakuwa wakizipigia picha. Waliipigia stara.

Kisha mama mwenyewe, pamoja na Kache, walivuka kivuko kwenda Mombasa kusafisha picha, kwenye studio ambayo mashine yake iliendeshwa na mwanamke. Mama alisimama pale pale mpaka akapewa picha na mkanda wake. Ile mashine ilikuwa kama mama mkosha maiti: huona, huosha, husahau. Miaka yote ile hapakutokea neno. Toka Gazi hadi Shimoni, mtu akisema "mwiteni Kache," maana yake ni kwamba nyumba ile inajiheshimu.

Halafu yule mwanamke wa Mombasa akaolewa mbali, mashine ikashikwa na vijana wawili wa kiume, na picha moja ya bibi harusi wa Gazi ikapotea katika bahasha. Ikasemwa imepotea tu. Lakini wanawake hawakukubali maelezo hayo. Harusi mbili tatu zikapita bila Kache kuitwa, na wale waliokutana naye sokoni wakawa wanamsalimu haraka haraka.

Ndipo aliposikia, ilikuwa mwaka wa tisini na tisa baada ya mvua kubwa, kwamba kuna kamera mpya isiyotaka kusafishiwa. Hakuna dawa, hakuna chumba cha giza, hakuna kijana wa kuchungulia. Kache alilala na neno hilo na kuamka nalo. Na kumbuka hili utakaponyoosha kidole: hakuitaka kamera ile kwa fahari. Aliitaka ili macho ya wanaume yapungue.

Akaanza kutafuta. Alikwenda Diani kwanza, kwa Charo, muuza vitu vya mkono wa pili pale ufuoni, ambaye watalii walimwachia miwani, saa za kuzamia, redio za masikioni na kila walichochoka nacho. Charo alimtolea kikamera kidogo cha fedha kinachong'aa kama samaki. Kache akakigeuza, akakigeuza tena, akauliza picha inatokea wapi. Charo akamwambia haitoki, imo humo humo ndani, dada yangu, mpaka uifunge waya.

"Na mwenye harusi nitamkabidhi nini?" Kache akauliza. "Nimkabidhi kamera nzima?"

Charo alicheka hata akashika mbavu. Alisema ameuza kamera miaka na mikaka na hajaonapo mtu anayetaka kuiona mimba ya kamera. Kache akamrudishia kikamera chake akaondoka.

Akaenda Ukunda, kwenye duka la Duncan. Unalijua. Kila mtu alilijua, kwa sababu lilikuwa na kioo kikubwa mbele, na nyuma ya kioo redio za kaseti zimepangwa juu kwa juu kama ngazi, deki, feni, pasi, simu za mkononi ambazo bado mnara wake ulikuwa haukamati vizuri, na televisheni moja kubwa iliyowashwa toka asubuhi hadi jioni ili wapitao wasipite. Duncan alikuwa mtu wa kuja, maneno yake nusu Kiswahili nusu lugha nyingine, na usimchukie kwa hilo. Hilo halikuwa kosa lake. Alimwita Kache "Madam" na kumpa kiti. Kila Kache alipokwenda, na alikwenda mara nyingi kama mtu anayeposa, alimwachia kamera mpya aishike, aipime uzito, aelekeze mlangoni na kubonyeza.

Kamera yenyewe ilikuwa nene kama tofali, na mgongoni ina kidirisha ambacho picha ilitokea papo hapo. Lakini kilichomshika Kache si kidirisha. Duncan alibonyeza pembeni, kijimlango kikafunguka, na kikachomoka kitu bapa cheusi cha mraba.

"Mkanda wake ndio huu, Madam," akasema. "Disketi. Unatoa, unaweka mfukoni, umemaliza kazi."

Kache aliipokea kwa mikono miwili. Akampiga Duncan picha, akaitoa disketi, akaiwasha kamera tena, akatafuta. Akauliza kama hapana kitu kilichobaki humo ndani. Duncan akaapa kwamba hapana, kamera hii haina kumbukumbu, disketi ikitoka ni tupu. Na hakusema uongo. Kila alichoulizwa juu ya kamera alijibu kweli tupu. Juu ya kompyuta yake Kache hakumuuliza, kwa kuwa kwake yeye kompyuta ilikuwa ile mashine ya Mombasa kwa umbo jingine. Inaosha. Inasahau. Nani huliuliza karai kama linakumbuka nguo?

Akapanda Kinango akauza mitamba wawili aliopewa na babake, na bado haikutosha. Duncan akasema atapokea na kamera ya zamani, wafunge biashara. Hapo Kache alisita. Aliishika ile kamera ya chuma pale juu ya kaunta, kidole gumba kikipapasa palipobanduka ngozi.

"Ya nini tena?" Duncan akamwambia. "Mtu amenunua gari, bado anatafutia punda nyasi?"

Akaiachilia. Wiki ile ile Duncan akaiuza kwa Mjerumani mwenye nyumba ufuoni, aliyeitaka ya kuweka juu ya rafu.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya Mejumaa. Mejumaa alikuwa mwalimu wa chekechea pale Msambweni, msichana mzima aliyechelewa kuolewa kwa kuchagua, mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Alikuwa akiolewa na Abdurahman wa Bodo, fundi wa injini za boti. Mamake, Bi Mwanatumu, ndiye mwanamke mgumu kuliko wote katika mtaa ule. Alipoambiwa habari za kamera mpya alimwita Kache nyumbani, akamketisha, akamwambia aitoe disketi mbele yake, airudishe, aitoe tena. Akaichukua akaitikisa sikioni. Akainusa. Mwisho akasema, "Mwanangu Kache, mimi hiki sikijui, lakini wewe ninakujua." Kwa neno hilo Kache alitoka akitembea kama mtu aliyefunguliwa kamba miguuni.

Na siku ya kupamba alipiga picha ambazo hajapata kuzipiga. Akampiga Mejumaa akiwa na liwa mabegani, asmini zimemwagika nywele nzima, kinywa wazi kwa kicheko. Akampiga Bi Mwanatumu bila ukaya kichwani, mikono juu, akicheza kama msichana. Ngoma ilipokwisha akaketi mkekani, ukumbi ukanyamaza, akabonyeza, kijimlango kikafunguka. Akaiinua kamera, wakaliona tumbo tupu. Mikono miwili kwa mikono miwili. Pindo la leso likafungwa, vigelegele vikapasua paa.

Kwenda kutoa picha hawakuvuka kivuko tena. Duncan alikuwa na kompyuta na printa ya rangi. Bi Mwanatumu aliingia dukani kama askari wa kivita. Aliamuru wanaume wote watoke, mlango ufungwe, kioo cha kompyuta kigeuzwe ukutani, na Duncan mwenyewe asitazame zaidi ya lazima. Duncan alimwamkia shikamoo, akaitikia kila amri, akageuza kioo, akafunga mlango. Bi Mwanatumu akasimama macho yamekaziwa ule mdomo wa mashine ulioimeza disketi. Mashine ikakoroma kidogo. Disketi ikachungulia, naye akaichomoa kabla haijatoka sawasawa, akaifunga pindoni papo hapo.

"Mama, hata benki hawana ulinzi kama wako," Duncan alisema, na wote watatu wakacheka. Kache alicheka kwa sauti. Alikuwa akisikia raha, kwamba ada yake imevuka salama.

Waliichunga disketi. Na mle ndani ya kompyuta, wakati ule wa kukoroma, picha zote zilikuwa zimekwisha kubaki.

Aliyeleta habari alikuwa Lenah. Lenah alitoka magharibi, akitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na Kache ndiye aliyempiga picha ya kwanza ya kumpelekea mamake alipopata kazi. Tangu hapo walikuwa ndugu. Alifika Msambweni siku yake ya mapumziko, akakataa kiti, akakataa chai.

"Kache," akasema, "yule mwalimu wa chekechea, nimemwona dukani kwa Duncan."

Kache akamuuliza Mejumaa alikuwa akinunua nini.

"Hajaenda. Yuko kwa televisheni."

Kache alikwenda na leso ya nyumbani, bila viatu vya njiani. Hata kabla hajafika aliona migongo: wapanda baiskeli wamesimama mguu mmoja chini, makuli, makarani, watu wa hoteli waliotoka zamu, watu waliotoka msikitini na waliotoka kanisani, safi kabisa, bega kwa bega. Jambo la kuwaunganisha lilikuwa limepatikana. Nyuma ya kioo, ile televisheni kubwa ilikuwa ikibadilisha picha moja baada ya nyingine. Mejumaa na mabega yake. Shangazi zake na nywele zao. Bi Mwanatumu, mikono juu. Juu ya televisheni palibandikwa karatasi iliyosema: PICHA SAFI BILA KUSAFISHA. KAMERA ZIPO. Mtu mmoja akasema huyo mama mkubwa bado ana kiuno, wakacheka. Charo wa ufuoni alikuwapo pia. Alimwona Kache akamwambia kwa upole wa dhihaka, "Dada, mimba yenyewe ndiyo hii. Sasa tumeiona."

Kache akaingia ndani akaing'oa waya ya televisheni ukutani. Kioo kikawa cheusi. Nje wakaguna kama watoto walionyang'anywa ubuyu. Duncan hakukasirika. Alitoka nyuma ya kaunta taratibu, akairudisha waya, na Mejumaa akarudi akicheka.

"Madam, hiyo ni sample tu. Ni advert. Kazi yako ni noma, watu wanaipenda. Wameagiza kamera kwa sababu yako."

"Zitoe," Kache akasema. "Ni za watu. Zitoe unipe."

"Nikupe? Sawa."

Akachukua disketi mpya, akaitia kwenye kompyuta, ikakoroma, ikatoka. Akamkabidhi kwa mikono miwili, maana Kache mwenyewe alikuwa amemsimulia ile ada siku za kuposa kamera. Kache akaipokea, akageuka kutazama. Mejumaa alikuwa bado anacheka kiooni.

"Bado zipo," akasema.

"Ooh, bado? Basi chukua tena." Akatia nyingine, ikakoroma, akampa. "Chukua tena. Na hii. Unataka ngapi, Madam? Mimi si mchoyo." Wale wa nje walikuwa wamejaa mlangoni, na kila disketi ilipotoka wakaipigia vigelegele, wanaume wale, vigelegele vya kike kwa sauti nyembamba. Kache alisimama na disketi zikimjaa mikononi, zikimwanguka, akizipokea kwa sababu mikono yake haikujua namna ya kukataa kukabidhiwa. Ni pale alipofahamu. Kitu hiki hakitoki. Ukikitoa, kinazaa.

"Mimi nilimwibia nani?" Duncan akawauliza watu. "Si disketi yao niliwarudishia?"

Kache alikwenda kituo cha polisi. Askari aliandika jina lake, akauliza kilichoibiwa, akaambiwa hakuna kilichoondoka. Akauliza basi malalamiko ni ya nini. Halafu akavaa kofia akasema atakwenda kuchunguza kwa macho yake. Alikwenda kweli. Alichunguza kwa muda mrefu.

Bodo si mbali, na mdomo hauna nauli. Rafiki zake Abdurahman walimwambia shemeji anacheka vizuri. Naye akafunga kibanda chake cha injini, akaja Ukunda, akasimama nyuma ya watu kama asiyehusika, akayatazama mabega ya mkewe pamoja na wengine. Nguvu za kuvunja kioo hakuwa nazo. Za kuvunja nyumba alikuwa nazo. Akamrudisha Mejumaa kwao na sanduku lake, akaliacha kizingitini, hata salamu hakutoa. Shuleni wazazi wakaanza kuwahamisha watoto, mmoja mmoja, kwa adabu. Mejumaa akajifungia chumbani, akachukua mkasi wa kukatia karatasi za watoto, akazikata zile nywele mpaka ngozini. Kicheko chake hakikusikika tena hata nyumba ile ile.

Bi Mwanatumu alimwendea Kache akiwa peke yake. Kache alimwamkia shikamoo, naye hakuitika marahaba. Aliketi chini sakafuni, akafungua pindo la leso, akaiweka disketi mbele yake.

"Niliichunga," akasema. "Nililala nayo. Hata nilipokwenda kuoga nilikwenda nayo. Haya, nieleze mwanangu, ilitokaje?"

Kache alijaribu. Alisema mashine ile ni kama mtu anayesikia siri. Hata ukiondoka, yeye ameshasikia. Bi Mwanatumu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe hukujua?"

"Sikujua, mama."

"Basi afadhali ungekuwa unajua," akasema yule mama. "Mwizi ningemlaani. Wewe nitakufanya nini?"

Akanyanyuka. Disketi akaiacha pale pale sakafuni. Toka siku ile hapana mwanamke wa Msambweni aliyemwita Kache, na wale wa zamani wakaanza kuzipekua picha zao kabatini, wakijiuliza. Miaka yake yote ikatiwa shaka kwa nyuma.

Mara ya mwisho alirudi dukani akiwa na ile kamera nene, Lenah ubavuni na yunifomu yake ya hoteli. Alitaka kuirudisha. Hakutaka pesa, alitaka Duncan aichukue, na badala yake afute. Duncan alimsikiliza akitafuna kijiti. Akasema kufuta ni kubonyeza tu, dakika haiishi. Lakini kwa nini afute kinachouza? Halafu akainamisha sauti, akamwambia ana wazo zuri kuliko hilo. Kache ndiye mpiga picha pekee anayeingia ndani kule. Amletee picha za harusi nyingine. Hizi watu wamekwisha kuzizoea.

Kache alitoka nje, akasimama katikati ya njia, mgongo kwa barabara, uso kwa wale wanaume waliokuwa wakitazama kiooni. Akainua kamera. Akabonyeza.

Wa kwanza hakuelewa. Wa pili akaweka gazeti usoni. Kache akasogea, akambonyeza wa tatu, na wa nne, karibu kabisa, kinywa kimeachwa wazi, macho yamekodolewa, udenda wake na kanzu yake nyeupe, akambonyeza yule askari aliyekuwa bado anachunguza, akambonyeza Charo. Lo, ungewaona walivyotafuta pa kujificha. Kofia zikashushwa, mashati yakavutwa puani. Watu waliokuwa wakila mabega ya wenzao siku zote zile sasa wanajisitiri kwa viganja kama wari.

"Wewe mwanamke," mmoja akafoka, "nani amekupa ruhusa kunipiga picha?"

"Mimi nimeomba ruhusa kama mlivyoomba ninyi," Kache akasema, akambonyeza na yeye.

Wakamjia. Kabla mikono haijamfika alibonyeza pembeni, kijimlango kikafunguka, akamgeukia Lenah akamkabidhi, mikono miwili kwa mikono miwili. Lenah hakuwa na leso. Akaitia kifuani chini ya yunifomu, akarudi kinyumenyume mpaka ng'ambo ya barabara. Kache walimwangusha. Kamera wakaipokonya wakaipiga chini, wakaikanyaga, wakaikanyaga mpaka plastiki ikawa unga, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado umeishika kamba, wakaukanyaga na huo. Duncan aliteremsha wavu wa chuma ili kioo kisije kikapasuka. Walipoona kamera imekwisha wakaridhika, wakapanguza mikono. Walidhani nyuso zao zimo humo. Kosa lile lile walilomchekea.

Vidole vitatu vya Kache havikunji tena. Kazi ya kubonyeza imekwisha. Alipokuwa bado amefungwa bendeji, Lenah alikuja akaketi kitandani, akamwambia kwamba katika ofisi ya hoteli kuna kompyuta, na bibi anayeitumia ni rafiki yake wa kwaya. Akafungua mkoba. Disketi zilikuwa nyingi.

"Duncan alitufundisha vizuri," Lenah akasema. "Moja huzaa."

Kache aliziangalia, akaulizwa zipelekwe wapi. Ameziweka chini ya mto wake pamoja na ile ya Bi Mwanatumu. Anangoja kitu kimoja: aone kama yuko hata mtu mmoja atakayekwenda kukiri kwa hiari yake.

Katika picha moja, nyuma kabisa, kushoto, yuko mtu aliyegeuza uso. Wengine wote wanatazama kioo au wanajiziba. Yeye ameelekea njiani, shingo imepinda, mkononi ana betri. Sikio linaonekana vizuri. Ni lako.

Na televisheni bado inawaka. Nimepita jana, Mejumaa bado anacheka pale, mwenye nywele, na nyumbani kwao yuko mwingine asiye na nywele, hacheki. Kufuta ni kubonyeza, dakika haiishi, mwenye duka amesema mwenyewe. Basi vaa viatu. Usimalize chai hiyo. Nenda Ukunda sasa hivi, ingia, simama mbele ya kaunta mpaka abonyeze, na ukitoka hapo panda hadi Msambweni ukabishe mlango wa Bi Mwanatumu, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulitazama. Halafu shuka Bodo, umwambie Abdurahman hivyo hivyo, mbele ya rafiki zake. Unajua pote. Inuka.